Vijana Wetu Wamegeuzwa Wapiga Debe Wasio na Ujira

 

Ndugu Waislamu, suala la hukumu ya muziki limesemwa mara nyingi juu ya mimbari zetu. Wanazuoni wamelieleza, wenye kukataza na wenye kuruhusu baadhi yake kwa masharti, na vitabu vyao vipo kwa mwenye kutaka kusoma. Makala haya hayarudii mjadala huo. Yanauliza swali jingine, ambalo hata yule anayeona kuwa muziki ni halali hana budi kulijibu: muziki huu unauzwaje leo, na ni nani anayeuuza? Jibu letu ni kwamba wauzaji wake wakubwa ni watoto wetu wenyewe. Wanaufanyia kazi usiku na mchana, hawalipwi hata senti moja, na mtaji wa kazi hiyo unatoka mfukoni mwa baba na mama.

Biashara ilivyokuwa

Tuanze na historia fupi ili tusimdhulumu mtu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, redio ya Tanzania Bara ilikuwa ni ile ya serikali peke yake. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua mlango wa vituo binafsi, na katika muongo huohuo ukachipuka muziki wa kizazi kipya ulioitwa Bongo Fleva. Msanii alirekodi studio, akaupeleka wimbo redioni, kisha akaingia mikononi mwa wasambazaji wachache wa Dar es Salaam waliodurufu kanda na kuzituma mikoani. Mtangazaji asipoupenda wimbo, au asipopewa "chochote", wimbo ulikufa. Msambazaji akisema kanda zilizouzwa ni chache, msanii hakuwa na njia ya kuhakiki.

Kwa msanii wa mkoani hali ilikuwa ngumu zaidi. Kundi la X Plastaz, lililoanza hapa Arusha mwaka 1996 na kuchanganya hip hop na uimbaji wa Kimasai, lilitolewa albamu yake mwaka 2004 na kampuni ya Out Here Records, ambayo makao yake hayapo Kariakoo bali Ujerumani. Njia ya kutoka chini ya Mlima Meru ilipitia Ulaya.

Kisha zikaja simu zenye kadi za kumbukumbu. Katika masoko yetu, Tengeru na kwingineko, vikazuka vibanda vyenye kompyuta moja, ambamo kijana alilipa sarafu chache akajaziwa nyimbo nyingi, na mwenye nyimbo hakupata kitu. Makampuni ya simu nayo yakaanza kuuza nyimbo kama miito. Wasanii AY na MwanaFA wakaishitaki kampuni ya Tigo, ambayo tangu mwaka 2024 inaitwa Yas, kwa kutumia nyimbo zao bila idhini, na mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2, kabla ya shauri hilo kuendelea katika ngazi za rufaa. Tunayataja haya ili ieleweke kwamba hatuwaoni wasanii kuwa ndio madhalimu peke yao katika biashara hii. Wengi wao wamedhulumiwa, na jasho la mtu ni jasho la mtu.

Hata hivyo, biashara ile ya zamani ilikuwa na sifa moja njema. Palikuwa na muuzaji, palikuwa na mnunuzi, na kati yao palikuwa na mlango. Mzee wa nyumba aliweza kuizima redio. Aliweza kukataa kutoa fedha ya kanda. Muuzaji alibaki nje mpaka afunguliwe.

Mlango ulivyoondolewa

Mtandao wa YouTube ulianzishwa mwaka 2005, Instagram mwaka 2010, na kuanzia mwaka 2018 TikTok ikaenea duniani kote. Kwa njia hizi kijana wa Akheri hana haja tena ya kupanga foleni mlangoni kwa mtangazaji; wimbo wake unaweza kusikilizwa Muscat na Minnesota siku ileile aliyoutoa. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba Diamond Platnumz amekuwa msanii wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kutazamwa mara bilioni 1 katika YouTube. Kijana aliyekulia Tandale kufika hapo bila kuomba ruhusa ya msambazaji yeyote ni jambo kubwa, na si uadilifu kulikana.

Lakini hebu tujiulize: anayetazama halipi bei ya wimbo, basi fedha inatoka wapi? Inatoka kwa wenye matangazo ya biashara. YouTube humpa mwenye chaneli asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayowekwa kwenye video zake ndefu, na inayobaki huichukua yenyewe. Kwa maneno mengine, wimbo si bidhaa tena. Wimbo ni chambo. Bidhaa ni macho ya mtazamaji na saa za umri wake, na mnunuzi ni mwenye tangazo. Aliyedhani amepata kitu cha bure hajui kwamba yeye ndiye aliyewekwa kwenye mizani.

Na mizani hiyo haina macho ya kutofautisha jema na ovu. Inahesabu dakika zilizotazamwa, maoni yaliyoandikwa na mara video iliposambazwa. Anayeandika kwa kusifu anahesabiwa, na anayeandika kwa kulaani anahesabiwa vilevile. Ndiyo maana ikazaliwa ile wanayoiita "kiki". Kabla ya wimbo kutoka, huzushwa ugomvi ambao haupo, au mapenzi ambayo hayapo, au talaka, au mimba, au picha "iliyovuja" kwa bahati mbaya inayokwenda sambamba na tarehe ya kutoa wimbo. Watu wanabishana wiki nzima. Siku ya saba wimbo unatoka, na mabishano yote yanageuka kuwa hesabu ya watazamaji.

Hata mamlaka zimejikuta ndani ya mtego huu. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa kukiuka maadili, na Desemba mwaka huohuo wasanii hao wakazuiwa kufanya maonyesho. Nia ya Baraza ilikuwa njema. Lakini zuio lililotosha zama za redio moja, katika zama za mitandao linakuwa ni tangazo. Kila aliyesikia kwamba wimbo umefungiwa aliujua wimbo ambao jana hakuujua.

Mpiga debe wa stendi ana nafuu

Sasa tuwatazame watoto wetu. Msanii anatoa kipande kifupi cha wimbo pamoja na mtindo wa kucheza, wanauita "chalenji". Binti wa sekondari anajirekodi akicheza, anarusha, wenzake wanaiga, nao wanaigwa. Kijana anaweka kipande kilekile kwenye WhatsApp yake. Mwingine anakesha akimtetea msanii wake dhidi ya mashabiki wa msanii mwingine kwa matusi ambayo asingeyatamka mbele ya mama yake. Hawa wote wanafanya kazi gani? Wanafanya kazi ambayo zamani kampuni ililipia: kubandika matangazo, kuzungusha gari la vipaza sauti, kumlipa mtangazaji.

Mpiga debe wa stendi ya Arusha tunamdharau. Lakini yeye akijaza gari hupewa chake mkononi kabla gari halijaondoka. Mtoto wetu anajaza gari la mtu kila siku, halipwi, na bando la kufanyia kazi hiyo ananunuliwa na baba yake aliyeuza ndizi. Je, hii si dhulma? Na anachokitoa si sauti tu. Anatoa sura yake, mwili wake na haya yake, vitu ambavyo vikishatoka kwenda mitandaoni hakuna wa kuvirudisha.

Hukumu ya soko

Wapo watakaosema: "Hii ni biashara tu, kila mfanyabiashara hujitangaza." Naam, kujitangaza si haramu. Lakini fiqhi ya biashara ina milango yake, na miongoni mwa yaliyokatazwa na Mtume (s.a.w.) ni "najsh", yaani mtu kupandisha bei mnadani hali ya kuwa hana nia ya kununua, ili wengine wadanganyike kwamba bidhaa ina thamani. Kununua watazamaji bandia ili wimbo uonekane umependwa ni nini kama si hiyo? YouTube yenyewe, ambayo haikusoma fiqhi, imeweka kanuni ya kufuta hesabu za aina hiyo.

Tena imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono katika lundo la chakula, vidole vyake vikakuta unyevu chini, akamkemea muuzaji kwa kuficha kilicholowa. Wanawake wa Tengeru wanaujua vizuri mchezo wa kupanga nyanya nzuri juu ya sado na zilizopondeka chini. Video yenye kichwa cha habari kisicho na ukweli ndani yake ni sado hiyo hiyo. Na kiki inaongeza dhambi juu ya dhambi, kwa kuwa mafuta yake ni heshima za watu. Sura ya Hujurat, katika aya ya 6, inatuamuru kuhakiki habari inayoletwa na fasiki, na katika aya ya 12 inakataza kupeleleza na kusengenya. Anayesambaza kiki ameyavunja yote mawili kwa kidole kimoja.

Tusisahau nyumbani kwetu

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tukawalaumu wasanii na tukalala. Lakini ugonjwa huu umeingia mpaka barazani kwetu. Tazameni mawaidha yanavyorushwa siku hizi: "Sheikh fulani amvua nguo sheikh fulani", "Utalia ukisikia haya", "Siri iliyofichwa yafichuka". Ukifungua, unakuta darsa la kawaida la udhu, au maneno ya nusu saa yaliyokatwa sekunde kumi ili yaonekane ni tusi. Tazameni baadhi ya qaswida: watoto wa madrasa wanavalishwa sare, wanapangwa mbele ya kamera, na walimu wanahesabu watazamaji kabla ya kuhesabu juzuu zilizohifadhiwa. Tumechukua mizani ya watu wa kiki, tukaiweka msikitini, kisha tunashangaa vijana wakitupima kwayo.

Mwenye kuita watu kwenye kheri kwa uongo hana hoja mbele ya anayewaita kwenye wimbo kwa uongo. Huyo wa wimbo angalau hakudai kwamba ni mrithi wa Mitume.

Tufanye nini

Kwanza, simu ya mtoto ikae kwa wazazi baada ya sala ya Isha, na mzazi anayenunua bando ajue linatumikaje, kama anavyojua mbolea yake imemwagwa shamba gani. Pili, tusiwe wabebaji wa kiki, hata kwa kuilaani. Usiifungue, usiijibu, usimtumie mwenzio kwa kisingizio cha kumwonyesha uovu. Kiki isiyobebwa haifiki. Tatu, kamati za misikiti na madrasa zikague kichwa cha kila video kabla haijarushwa, na picha ya mtoto isirushwe bila ya idhini ya mzazi wake. Nne, walimu wenzangu, tusitosheke na kusema "haramu" na kufunga mjadala. Tuwafundishe vijana jinsi biashara hii inavyofanya kazi, nani analipa na nani analipwa. Kijana hapendi kufanywa mjinga; akijua kwamba anatumikishwa bure, ataiweka simu chini kabla hujamwambia.

Na kwa wale wasanii waliomo ndani ya jamaa zetu, kwani wamo, na baadhi yao tunasimama nao safu moja siku ya Ijumaa: kama mmechagua kuuza, uzeni mlichonacho kwa ukweli wake. Msiuze talaka za watu, msiuze aibu za dada zetu, na msiwatumikishe watoto bila ya ujira.

Mlango ule wa zamani hautarudi. Uliobaki ni kidole cha kila mmoja wetu, na kila mwenye kidole ataulizwa alichokibonyeza.