Bustani Isiyo na Ukuta

Kuna kauli mbili zinazosikika mara kwa mara katika mikutano ya walimu wa Kiswahili, na zote mbili zastahili kujibiwa. Ya kwanza yasema kwamba kuwapeleka wanafunzi katika bustani ya mimea kwa siku nzima ni matembezi tu. Na kama ipo faida yoyote, basi ni ya mwalimu wa sayansi. Ya pili, ambayo aghalabu husemwa na wenzetu walio mbali na miji mikuu, yasema kwamba ziara ya namna hiyo ni jambo jema ila haiwezekani, maana bustani hakuna. Sisi twazikataa zote mbili, na mfano wetu tutautoa wilayani Nchelenge, ufukoni mwa ziwa Mweru nchini Zambia, mahali ambapo kauli hizo zaonekana kuwa na nguvu kuliko kwingine.

Tuanze na hiyo ya pili. Bustani ya mimea inayojulikana zaidi nchini Zambia ni Munda Wanga, iliyoko Chilanga, kusini ya Lusaka. Kutoka Nchelenge hadi huko ni yapata kilomita 1,000 kwenda peke yake. Mwalimu anayesubiri basi la kuwafikisha wanafunzi wake huko atasubiri mpaka wanafunzi hao wawe na wajukuu. Lakini hebu tuliangalie jina lenyewe: kwa Kinyanja, Munda Wanga maana yake ni “bustani yangu”. Je, mtoto wa Nchelenge hana cha kukiita chake mpaka asafiri kilomita 1,000?

Makosa yetu yametokana na kuidhania bustani kuwa ni ukuta, lango na tikiti. Historia yatufundisha vingine. Bustani ya Dar es Salaam ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893; ile ya Entebbe, kando ya ziwa Viktoria, ilianzishwa mwaka 1898 chini ya Waingereza; na Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mwaka 1902, Wajerumani tena. Hazikuanzishwa ili watu wapumzike kivulini. Zilikuwa mahali pa kuijaribia mimea ya biashara: mpira, kahawa, kakao, miti ya kwinini. Kazi ya bustani za aina hii ilikuwa kuutambua mmea, kuupa jina, kuuandika na kuutunza kwa faida ya mwenye bustani. Basi penye utambuzi, jina, maandishi na utunzaji, pana bustani, hata kama hapana ukuta. Wala si lazima twende mbali kupata ushahidi. Uwanda wa Kitulo, katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ulikuwa ukiitwa na watu “Bustani ya Mungu” kabla serikali haijautangaza kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Sasa tuishukie kauli ya kwanza, ya kwamba jambo hili si letu sisi walimu wa lugha. Twauliza: kutoa jina ni kazi ya nani? Tangu Mswidi Carl Linnaeus alipochapisha kitabu chake kikubwa cha mimea mwaka 1753, kila mmea unaotambuliwa na wataalamu hupewa jina la Kilatini lenye maneno mawili. Mmoja wa miti iliyo maarufu mno katika misitu ya miyombo ya Luapula ni ule ambao Wabemba huuita umusuku, na matunda yake amasuku. Kwa Kilatini ni Uapaca kirkiana. Neno hilo la pili limetokana na John Kirk, tabibu na mtaalamu wa mimea aliyefuatana na Livingstone katika safari ya Zambezi iliyoanza mwaka 1858, na ambaye baadaye alikuwa mwakilishi wa Uingereza huko Unguja. Mtu huyo alipita tu. Tunda lililiwa na watoto wa nchi vizazi na vizazi kabla yake. Lakini kitabuni jina ni lake. Asiyeona kwamba hili ni jambo la lugha, sijui tumweleze kwa lugha gani.

Na Kiswahili kinasemaje? Nchini Tanzania mti huo huo huitwa mkusu, na matunda yake makusu. Mwanafunzi ayaweke majina hayo pamoja, umusuku na mkusu, amasuku na makusu, naye atausikia udugu kwa sikio lake mwenyewe: silabi mbili zimebadilishana mahali, basi. Hapo tena mwalimu ana somo zima la ngeli chini ya mti mmoja. Mkusu huzaa makusu, mwembe huzaa maembe, mkuyu huzaa makuyu. Mti hukaa katika ngeli moja, tunda katika nyingine. Somo hilo tumezoea kulifundisha kwa chaki, kwa mifano ya mkarafuu na mnazi ambayo mtoto wa Nchelenge hajapata kuiona, huku mkusu umesimama nyuma ya darasa.

Hebu tuifikirie siku yenyewe. Asubuhi wanafunzi waanzie ufukoni, wayatazame matete, ambayo kwa Kibemba ni amatete. Wayatazame mafunjo, na penye maji yaliyotulia wayatafute mayungiyungi. Kisha wapite mashambani penye mihogo. Wareno waliofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1831 walikuta zao hilo, ambalo asili yake ni Amerika, limekwisha kuwa chakula kikuu. Majani yake Mtanzania huyaita kisamvu, Mkongo wa Katanga sombe, na Mbemba katapa. Mboga moja, majina matatu, na wote watatu hukutana katika soko la samaki la Kashikishi. Mchana waingie msituni, waone mninga, ambao Kibemba huuita umulombwa, na mbula, ambao Kibemba huuita umupundu. Zaidi ya daftari, kalamu na mzee mmoja ajuaye miti, gharama i wapi?

Wako watakaosema kwamba Nchelenge ni nchi ya lugha nyingine, na kwamba Kiswahili hakimo katika lugha 7 za wenyeji zinazofundishwa rasmi katika shule za Zambia. Ni kweli, na hoja hii twaiheshimu. Kiswahili si kigeni kabisa hapa: Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwezi wa Novemba 1867, alimkuta mfanyabiashara Mohamed bin Saleh, aliyekwisha kukaa huko miaka mingi. Jina la Kilwa nalo laonekana mara mbili katika ziwa hili, kisiwani upande wa Zambia na mjini upande wa Kongo. Lakini tusijidanganye. Misafara ile iliyoleta lugha yetu bara ilifuatana na pembe na minyororo. Kwa hiyo hatuna haki ya kuingia katika msitu wa watu na kubandika majina mapya juu ya yale ya wenyewe. Tukifanya hivyo tutakuwa tumerudia kosa lile lile tunalolilaumu. Jina la Kibemba litangulie, la Kiswahili lifuate. Mwaka 2019 nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika zilikikubali Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Heshima hiyo itadumu iwapo lugha yetu itakuja kama mgeni anayeuliza jina la mti kabla ya kuutaja.

Wengine watasema kwamba mtihani hauulizi majina ya miti. Hauulizi kwa sababu sisi wenyewe hatuyajui! Fungua kamusi zetu, msomaji, uhesabu ni mara ngapi mmea umefasiriwa kwa maneno “aina ya mti”, kisha pakaachwa. Maelezo hayo hayamsaidii mtu kuutofautisha mninga na mbula. Huo ni upungufu wa wajibu, wala si umaskini wa lugha: majina yamo vinywani mwa wazee, nao wanaondoka.

Na jina likipotea, kitu nacho chaweza kufuata. Watoto wa kaskazini mwa Zambia wote wakijua chikanda, kitoweo kinachotengenezwa kwa viazi vya maua ya okidi pamoja na unga wa karanga. Lakini ni wangapi wanaolijua ua lenyewe? Viazi hivyo vimechimbwa mno nchini Zambia, hata wafanyabiashara wakavifuata Tanzania, katika nyanda hizo hizo za Kitulo tulizozitaja. Mtu akilijua tonge asilijue ua, hataona kosa kung'oa shina la mwisho. Hapa ndipo somo la lugha linapogeuka kuwa kazi ya kulinda uhai.

Kwa hiyo twapendekeza haya. Kila shule inayofundisha Kiswahili itenge siku moja kwa mwaka kwa ziara ya mimea, iwe Entebbe, iwe Amani, iwe kichaka cha jirani. Kila mwanafunzi arudi na daftari lenye safu nne: jina la wenyeji, jina la majirani wa ng'ambo, jina la Kiswahili Sanifu, na jina la Kilatini pale linapopatikana. Safu isiyojazwa iachwe wazi, isibuniwe. Asing'oe mtu kitu. Mkuu wa kijiji aombwe ruhusa kwanza, na ufukoni watoto wasiachwe waingie majini, maana ziwa lina mamba. Madaftari hayo yaletwe kwa chama, yalinganishwe, na yale yaliyothibitika wapelekewe watunga kamusi.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mwalimu anayelilia bustani ya mbali huku akipita bila salamu chini ya mkusu wa shuleni kwake, ndiye wahenga waliyemkusudia. Anayepinga hoja hizi na aandike. Kurasa ziko wazi. Ila kabla hajaandika, twamwomba atoke nje ya ofisi yake na aitaje, kwa Kiswahili, miti kumi ya kwanza atakayoiona.