Kabla hujanunua mashine ya kupuliza mchanga, soma hapa kwanza

Mavuno yakiisha vifaa vinarudi bandani, na hapo ndipo kutu inapoonekana vizuri. Kila kiangazi naulizwa swali lile lile: "Afisa, ninunue ile mashine ya kupuliza mchanga nisafishe mwenyewe tela na plau hapa nyumbani?" Mafundi wanaiita sandiblasta. Kwenye video unaona chuma chenye kutu kinakuwa cheupe ndani ya sekunde chache. Kiukweli inavutia.

Msimamo wangu nautoa mapema. Wakulima wengi hawaihitaji. Na yule anayeihitaji kweli, asiilishe mchanga wa mtoni wala wa baharini. Sisemi apunguze, nasema asitumie kabisa.

Mchanga wetu wa kawaida mara nyingi umejaa silika. Punje ikigonga chuma kwa kasi ile inapasuka na kuwa vumbi dogo mno, jicho halilioni na kikohozi hakilitoi. Linakaa kwenye mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Halafu aliyeupata hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mtu mwingine. Kule Mirerani kwenye machimbo ya tanzanite hii si habari mpya. Uingereza walikataza mchanga wa silika kupulizia vyuma viwandani kwa kanuni za mwaka 1949. Uturuki walipiga marufuku kupuliza mchanga kwenye nguo za jinzi mwaka 2009, baada ya vijana kuugua na wengine kufa. Hao walikuwa wanachakaza suruali tu ili zionekane za kisasa. Sasa wewe unapiga fremu ya tela.

Nimeona vijana kwenye karakana za mjini wakifanya kazi hii wamefunga kitambaa puani, au wamevaa barakoa iliyobaki tangu enzi za korona. Vumbi hilo linapita hapo kama maji kwenye chekeche. Na mwenye tela amekaa pembeni anasubiri, mtoto wake yuko hapo hapo. Kwa hiyo hata kama hununui mashine, ukipeleka kitu chako karakana muulize fundi anatumia nini. Akisema mchanga, ondoka nacho.

Tuje kwenye mashine yenyewe. Watu wanauliza bei ya sandiblasta, kumbe gharama iko kwenye kompresa. Wauzaji wanataja presha, lakini kinacholiwa na mashine hii ni wingi wa hewa. Nozeli ya tundu la milimita 3 hivi, kwa PSI 100, inataka karibu lita 570 za hewa kila dakika. Kompresa ya hospawa 2, ile ya kujazia matairi, inatoa kama lita 200. Utapuliza sekunde chache, hewa inaisha, unasubiri tangi lijae. Kazi ya saa moja inakuwa ya siku nzima na kompresa inachemka. Utahitaji kama hospawa 5 au zaidi. Tundu likiongezeka upana mara mbili, hewa inayoliwa inaongezeka mara nne, na nozeli inatanuka kadiri inavyotumika, sawasawa na ya bomba lako la dawa. Usisahau pia kusoma maandishi vizuri: lita zinazoandikwa kwenye kompresa za bei rahisi mara nyingi ni za hewa inayoingia, inayotoka ni pungufu.

Kuna aina inayonyonya punje kutoka kwenye ndoo, na kuna ya tangi lenye presha. Ya tangi inafanya kazi haraka zaidi, lakini tangi likiwa bovu ni bomu. Fundi akikuambia atakuchongea moja kutoka mtungi wa gesi wa zamani, mshukuru, kisha nenda zako.

Halafu jiulize unasafisha nini. Plau la ng'ombe halitaki kupulizwa. Lile bapa linalogeuza udongo linang'arishwa na udongo wenyewe. Ukilipiga punje unalikwaruza, na udongo unaanza kunata. Suuza, kausha, paka grisi kabla ya kulihifadhi, basi. Bati jembamba linapinda likipigwa. Kitu chenye zinki kinavuliwa koti lake la kuzuia kutu. Beringi na sili zikiingiwa na punje ndiyo mwisho wake. Kinachobaki chenye maana ni fremu nene ya tela, rimu, chesisi ya trekta la zamani. Mara moja kwa miaka mingi. Kwa kazi hiyo kukodi kunatosha.

Vifaa vidogo kama majembe, panga na minyororo, mimi nashauri njia ya magadi. Ndoo ya plastiki, maji, magadi kijiko kimoja kikubwa kwa kila lita 4, na chaja ya betri ya volti 12. Waya hasi unashika kifaa chako, waya chanya unashika kipande cha chuma chakavu, na viwili hivyo visigusane. Uache usiku kucha, nje na mbali na moto, maana inatoa gesi inayowaka. Chuma chakavu kisiwe stenlesi, kinatia sumu kwenye maji. Asubuhi unazima chaja kwanza ndipo unasugua kwa brashi. Kwa fremu, brashi ya waya kwenye grainda inatosha mara nyingi, ukivaa miwani.

Wapo wanaoniuliza kuhusu magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Kweli yanatumika kupulizia, ila ni laini: yanatoa uchafu na rangi iliyolegea, kutu nzito hayaing'oi. Na vumbi lake linashika moto.

Ukiamua kupuliza, tumia garneti au punje za chuma, ambazo unaweza kuzikusanya ukazitumia tena. Vaa barakoa ya mpira yenye vichujio vya vumbi laini, ngao ya uso na glavu ndefu. Kupuliza kwa siku nzima kunataka kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira. Fanya kazi mbali na banda la kuku: rangi za matrekta ya zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, kuku anadonoa, na wewe unakula yai. Tandaza turubai chini uzoe kila kitu.

Weka kichujio cha maji kwenye mpira wa hewa, hasa ninyi wa Tanga, Pwani na Lindi, la sivyo punje zitalowa na kuziba nozeli. Na redoksaidi iwe imenunuliwa kabla hujawasha kompresa. Chuma kilichopulizwa hakisubiri mpaka kesho. Kwa unyevu wa pwani, ukipuliza asubuhi, jioni kimeshaanza kuwa chekundu tena.