Picha ya Sanaa Hukamilika Lini?

Sisi waandishi wa programu na wapiga picha tuna ugonjwa mmoja: hatujui kuacha. Leo unarekebisha kivuli, kesho unapunguza rangi, kesho kutwa unairudisha ilivyokuwa. Haya basi, picha ya sanaa hukamilika lini?

Wengi watakujibu: pale kamera inapobofywa. Mimi nakataa. Mtazame Ansel Adams wa Marekani. Mwaka 1941 alipiga picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico. Negativu ilikuwa moja tu, kwani mwanga wa jua ulitoweka kabla hajapiga ya pili. Lakini alichapisha nakala zaidi ya 1,000! Za mwanzo zina mawingu hafifu. Za miaka ya baadaye anga ni nyeusi ti. Mwaka 1948 aliitia kemikali hata negativu yenyewe, ili sehemu ya chini ionekane vizuri. Sasa ipi ndiyo kamili? Kwangu mimi, kila aliyoitoa mikononi mwake.

Siku hizi mambo ni magumu zaidi. Programu kama Lightroom, iliyotoka 2007, haigusi faili ya asili. Huhifadhi maagizo tu: ongeza mwanga, kata ukingo. Unaweza kubadilisha hadi uzeeke bila kupoteza kitu. Raha, lakini pia mtego. Zamani karatasi na kemikali ziliuma mfukoni, zikakulazimisha kuamua.

Katika kazi yetu hatungoji programu iishe. Tunatoa toleo 1.0. Watu wakishaanza kulitegemea, hubadilishi kitu kimyakimya, unatoa 1.1 na kusema umebadilisha nini. Picha nayo ni hivyo hivyo. Imekamilika ukishaitia sahihi, ukataja ukubwa na idadi ya nakala, ukamkabidhi mwingine.

Si maneno matupu, kuna pesa hapa. Mwaka 2012 chapa mpya za kidijitali, kubwa zaidi, za picha za zamani za William Eggleston ziliuzwa kwenye mnada wa Christie's, New York. Mkusanyaji aliyekuwa na chapa za awali, zilizotolewa kwa idadi maalumu, akamshtaki kwamba thamani ya zake imeshushwa. Mwaka 2013 mahakama ikaitupa kesi: hizo mpya ni toleo jingine. Naafiki uamuzi huo, ila mnunuzi naye ana hoja. Kama toleo jipya linawezekana, aambiwe siku ya kununua. Ahadi ni deni.

Utasema msanii ana haki ya kukua. Kweli, na hakuna anayemkataza kutoa 2.0. Asiiuze tu kwa jina la 1.0.

Kwa hiyo andika nyuma ya picha: toleo, tarehe, ukubwa, idadi. Ukiona mkono unasita, bado haijaisha. Rudi kwenye vivuli vyako. Ukishatia sahihi, zima kompyuta, kapige nyingine.