Tope la Kasanda linaanzia wapi?

Ndugu zangu wa Kasanda,

Nawaandikia kutoka Enschede, Uholanzi, nchi tambarare ambako kila jioni hufungua ramani ya vilima vyetu kwenye kompyuta.

Shangazi alinitumia picha ya ndoo ya maji ya kijito, mekundu kama chai ya rangi, akauliza mbona dawa ya klorini haisaidii. Shangazi, vijidudu hujificha kwenye chembe za udongo, dawa isiwafikie. Tiba ya maji hayo ianzie shambani.

Kutafuta tope linakotoka, natumia QGIS, programu ya bure ya ramani, na vipimo vya miinuko vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour Februari 2000. Juu yake naweka kanuni ya Wischmeier na Smith ya kukadiria udongo unaopotea: nguvu ya mvua, aina ya udongo, mteremko, kinachofunika ardhi, na hatua za kuzuia mmomonyoko. Vyote huzidishwa. Mvua hatuiamrishi, na udongo na mteremko tumevikuta. Viwili vya mwisho ni vyetu, na kwa kuwa ni hesabu ya kuzidisha, ukipunguza kimoja kwa nusu, makadirio yote yanashuka kwa nusu. Acheni mabua ya mahindi shambani, msiyachome. Limeni matuta yanayokinga mteremko. Pandeni mabingobingo kwenye makingamaji. Na mita 60 za kando ya mto, zilizokingwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zisiguswe na jembe.

Hili linawezekana: majirani wa Hifadhi ya Gombe, kupitia mradi wa TACARE ulioanza 1994, walizisoma picha za setilaiti pamoja na wataalamu, wakapanga wenyewe matumizi ya ardhi ya vijiji vyao.

Ramani yangu ina upofu wake. Kila kijiraba ni mita 30 kwa 30, karibu robo eka, na kanuni ile haihesabu makorongo. Njia ya ng'ombe iliyogeuka korongo siioni. Ninyi mnairuka kila siku.

Kwa hiyo naomba, kabla ya mvua za Oktoba, mwenyekiti wa kitongoji na afisa ugani wapande vilimani na vijana wenye simu. Kila panapoanzia korongo, na kila tope linapoingilia kijitoni, chukueni alama ya mahali na picha, mnitumie. Nitairudisha ramani ikiwa imechapwa kwenye karatasi kubwa, ibandikwe ofisi ya kijiji.