Mikataba ya urafiki si karatasi tupu



Mara nyingi barazani nasikia watu wakisema kuwa mikataba ya urafiki baina ya nchi jirani ni karatasi tupu, na wabunge wanaoijadili wanapoteza wakati na posho. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Tuchukue mkataba wa Urusi na Ukraine. Marais Boris Yeltsin na Leonid Kuchma waliutia sahihi mjini Kyiv tarehe 31 Mei, 1997. Kifungu cha 2 kilisema wazi kwamba kila upande utaheshimu mipaka ya mwenzake. Bunge la Ukraine liliuridhia Januari 1998. Kwa Warusi mambo yalikwenda kwa kusuasua: Duma iliupitisha Desemba mwaka huo, kisha ukakwama tena katika baraza la juu. Huko Meya wa Moscow, Yuri Luzhkov, aliupinga waziwazi, akidai kuwa mji wa Sevastopol, ulioko Crimea, ni wa Urusi. Baraza likauridhia Februari 1999.

Kura zilipita, lakini maneno yale hayakufutika. Mwaka 2014 Urusi iliitwaa Crimea, Sevastopol ikiwamo, na mkataba ungali hai! Ukraine ilikataa kuurefusha, ukafa Aprili 2019. Februari 2022 ikaja vita kamili.

Wa barazani watanirukia: si unaona, karatasi! Hapana, ndugu zangu. Ni mjadala uleule uliotoboa siri miaka 15 kabla ya Crimea kutwaliwa. Mwenye masikio alikwisha kusikia jirani anataka nini.

Nasi mambo ya mipaka hayako mbali. Mwaka 1964 wakuu wa Afrika walikubaliana mjini Cairo kuheshimu mipaka tuliyorithi kwa wakoloni, lakini hata hivyo sisi na ndugu zetu wa Malawi hatujamalizana juu ya Ziwa Nyasa.

Ibara ya 63 ya Katiba yetu inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba. Je, ni wananchi wangapi wamepata kuiona? Nashauri kila mkataba na jirani uchapishwe kwa Kiswahili magazetini kabla ya siku ya mjadala, ili nasi wa vijijini tukisome kifungu cha mipaka kabla mbunge wetu hajasema "ndiyo".

Mwalimu Mstaafu,
Songea.