Maelekezo ya video hayanunuliwi WhatsApp

Siku hizi kwenye makundi ya WhatsApp yanauzwa maneno. Unatuma elfu chache kwa simu, unarushiwa faili la maelekezo ya kuiambia akili mnemba ikutengenezee video: mwanga wa dhahabu, ubora wa sinema, kamera inapaa juu. Vijana wa hapa Ikungi wanayanunua, kisha wanakuja studio kwangu, kando ya barabara kuu ya Singida na Dodoma, kulalamika kwamba video zao zinafanana na za watu wengine. Zitaachaje kufanana, na maneno ni yaleyale?

Kazi yangu ni kupiga picha na video: harusi, kipaimara, mahafali, na siku hizi matangazo ya wafanyabiashara wadogo. OpenAI walipoionyesha Sora, akili mnemba ya kutengeneza video, Februari 2024, wenzangu kadhaa walianza kuulizana bei ya kuuza kamera. Mei 2025 Google wakaleta Veo 3, inayotoa picha na sauti kwa pamoja, kipande cha sekunde nane. Wachina nao wana Kling. Zote hodari. Ila hakuna inayoijua Ikungi, na faili la kununua haliijui pia.

Iandikie mashine "mkulima wa Kiafrika kwenye shamba la alizeti" uone. Itakuletea msonge wa nyasi, mgunga mmoja, jua jekundu linazama, na mama anayecheka peke yake bila sababu. Lakini nyumba ya asili ya Wanyaturu, wenyeji wa hapa, ni tembe: ndefu, ya pembe nne, paa bapa la udongo juu ya miti. Msonge unatoka wapi? Mashine hizi huanza na nukta zilizovurugika, mfano wa chenga za televisheni iliyokosa mawimbi, kisha huzisafisha kidogo kidogo mpaka picha ilingane na ulichoandika. Pale ambapo hukuandika kitu, hujaza kwa zilivyozoea. Na zilichozoea ni Afrika ya kalenda za watalii.

Alizeti ndiyo inayoniudhi zaidi. Mkoa wetu wa Singida ni mmoja wa ile mitatu ya kimkakati kwa zao hili, pamoja na Dodoma na Simiyu, halafu kijana wa Ikungi anarusha video ambayo maua yote yanaigeukia kamera kila inakosogea, kama wanafunzi mstarini. Mkulima yeyote anajua kwamba mche mchanga ndio unaofuata jua. Ua likishakomaa linabaki limeelekea mashariki, shamba zima. Anajua pia kwamba siku ya kuvuna hakuna unjano. Kichwa kimeinama, mgongo wake umekuwa kahawia, majani yamekauka. Vinakatwa vichwa, vinaanikwa, vinamwagwa kwenye turubai na kupigwa fimbo mpaka mbegu zitoke. Andika hayo kwa mpangilio huohuo uone picha inavyobadilika.

Msimu uliopita mzee mmoja mwenye mashine ya kukamua alizeti alikuja na tangazo la video alilotengenezewa na mjukuu wake kwa akili mnemba. Mafuta ndani yake yalikuwa meupe, yanang'aa, unaona mpaka upande wa pili wa chupa.

"Mwanangu, haya si mafuta yangu," akasema. "Haya ni ya dukani."

Alikuwa sahihi. Mafuta yetu ya kukamua yana rangi nzito na mashapo chini ya dumu, na wapo wateja wanaoyafuata kwa sababu hiyohiyo. Nikamwambia, "Mzee, wewe eleza, mimi naandika." Akaeleza. Mafuta yanatiririka polepole, mazito. Upande wa pili mashudu yanatoka vipande bapa vyeusivyeusi. Mlishaji mikono imejaa vumbi la maganda, na injini ya dizeli inanguruma hata mtu akikuita husikii. Sijawahi kupata maelekezo mazuri kuliko hayo, na mzee hakuwa ameshika hata simu.

Ufundi uliobaki ni mdogo, wala si siri. Kipande kimoja, tendo moja: ukitaka mtu alishe mashine, amimine mafuta, acheke na ahesabu hela ndani ya sekunde nane, vidole vitayeyuka mbele ya macho yako. Sema kamera iko wapi, usawa wa dumu au nyuma ya bega la mkamuaji, na kama imetulia au inasogea. Taja mwanga na sauti. Jina la biashara na namba ya simu weka mwenyewe wakati wa kuhariri, programu ya CapCut inatosha, kwa sababu mashine mara nyingi huboronga herufi. Na ukiweza, piga picha halisi ya mahali penyewe uipe mashine ianzie hapo, nyingi zinaruhusu. Picha moja ya tembe la bibi yako itamaliza ubishi wote wa msonge.

Mzigo wenyewe, hata hivyo, upigwe kwa kamera. Wapo wanaoniambia tangazo ni tangazo tu. Sikubali. Mnunuzi wa jumla aliyeko Dar es Salaam anatuma pesa kwa alichokiona, na madumu yaliyotengenezwa na kompyuta hayapakiwi kwenye fuso. Video ya mashine iwe ya kumvuta mtu asimame kutazama, tena iandikwe wazi kuwa ni ya akili mnemba.

Kwa hiyo kijana, hela ya lile faili mpe bodaboda akupeleke Sepuka au Ihanja, humuhumu wilayani, wakati wa mavuno. Kaa na wanaopiga alizeti, waulize, andika unachokiona. Ukimaliza, njoo na daftari lako studio.