Ndege Hafukuzwi ili Aonekane

Wako watu wasemao kuwa njia ya kumwona ndege ajifichaye msituni ni kumtoa kwa nguvu. Hupiga makofi, hutikisa vichaka, hurusha mawe, kisha husema wamemwona. Msomaji, usikubali. Walichokiona ni mgongo wa mkimbizi.

Mfikirie ndege mmoja wa pwani yetu, ambaye wataalamu humwita Geokichla guttata. Ni mdogo kuliko njiwa. Mgongo wake una rangi ya majani makavu. Kifua chake ni cheupe, kimejaa madoadoa meusi. Hafanyi kiota kwetu. Huja kutoka kusini wakati wa kusi, akakaa katika msitu wa Arabuko-Sokoke na kati ya miti ya magofu ya Gede, kisha huondoka kabla ya mwaka kwisha. Chakula chake kimo chini ya majani yaliyoanguka, naye huyapindua kwa mdomo. Akihisi mtu husimama kimya kama jiwe, na madoa yake hufanana na vipande vya jua vipenyavyo mitini.

Basi, kelele zafaa nini? Ndege aliyeshtushwa huacha kula. Naye amehesabiwa miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka duniani, kwa kuwa misitu yake imekatwa ikabaki vipande. Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420 hivi, ndio mkubwa kuliko yote iliyosalia katika pwani ya Afrika Mashariki. Mgeni huyu hana misitu kumi ya kukimbilia. Kila umfukuzapo, wamnyang'anya mlo katika makao machache aliyobakiziwa.

Utaniambia: "Tu wanafunzi arobaini, na muda wetu ni saa moja." Hapo lawama si yako peke yako. Mwalimu apimaye ziara kwa wingi wa majina yaliyoandikwa daftarini hufundisha pupa kwa jina la elimu. Nendeni wanne wanne. Keti chini ya mti, ufunge kinywa. Sikiliza mchakacho wa majani makavu mahali pasipo upepo. Geuza macho kwanza, kichwa baadaye.

Huenda asitokee. Rudi na daftari tupu bila ya haya, maana umemwacha akila. Huo ni ujuzi wa msitu. Orodha ndefu ya mfukuzaji si ujuzi.